Breki ya Tektro R559 kwenye baiskeli ya zamani ya chuma: tathmini kutoka Mtwara

Tektro R559 ni breki nzuri, na kwa baiskeli ya resi ya zamani yenye fremu ya chuma ni miongoni mwa breki chache zinazofika mahali zinapotakiwa kufika. Hata hivyo, mtu atakayeinunua na kuifunga juu ya ringi ya chuma iliyopakwa kromu, kisha akashuka nayo mteremko huku mvua inanyesha, atakuwa ametoa fedha nyingi kwa badiliko dogo sana. Nimeitumia kiangazi na wakati wa mvua, kwenye lami ya mjini Mtwara na kwenye njia za udongo mwekundu zinazopanda kuelekea Uwanda wa Makonde, na hoja yangu katika tathmini hii ni moja: kwenye baiskeli ya zamani, fedha ya breki ielekezwe gurudumu la mbele, tena ianzie kwenye ringi kabla ya kufika kwenye breki yenyewe.

Baiskeli ninayoizungumzia ni Raleigh ya resi iliyoundwa Nottingham, Uingereza, yenye usukani wa kupinda, magurudumu ya 27 × 1¼ na ringi za chuma zinazong'aa. Ilifika huku ikiwa mtumba, na fremu yake bado ni nzima. Chuma kina sifa ambazo mtu wa kusini anazithamini: kinavumilia mashimo, kikipinda kinanyooshwa, kikikatika fundi wa kuchomelea anakiunga, na hakimchoshi mgongo mtu anayepanda kila siku. Kinachoziangusha baiskeli za umri huu ni namna zinavyosimama.

Breki zake za awali ni zile za mikono miwili inayozunguka kwenye bolti moja ya katikati. Wenye baiskeli hizi wanaijua tabia yake: ukibana, mkono mmoja unatangulia kugusa ringi na mwingine unachelewa, ukiachia, raba moja inabaki imeilalia ringi na gurudumu linakwaruza mpaka ushuke uisukume kwa kidole. Mikono yenyewe ni myembamba, nayo hujipinda kidogo inapobanwa, hivyo sehemu ya nguvu ya vidole inaishia kuupinda mkono badala ya kuibana ringi. Kwa mtu anayetoka Shangani kwenda sokoni, kwenye njia tambarare, hali hiyo inavumilika. Kwa anayerudi kwa barabara ya Lindi na kushuka Mikindani, bodaboda zikichomoza kutoka kila kichochoro, au kwa mkazi wa Lindi anayeteremka kutoka Mtanda hadi chini mjini, haivumiliki hata kidogo, na mimi sioni kwa nini mtu aendelee kuivumilia wakati dawa yake inajulikana.

Nilipompelekea fundi wangu shida hii, nilitarajia aniambie ni breki ipi ya kununua. Badala yake aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye ubavu wa ringi, kisha akachukua maji ya kwenye beseni analopimia tyubu zilizotoboka na kuiloweka ringi pande zote mbili. Akanipa leva niibane mwenyewe. Raba ziliishika ringi, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

"Mwalimu, breki yako inabana," alisema. "Ringi ndiyo inayokataa kushikwa."

Alikuwa na haki. Kromu ni laini mno, na maji yanapotanda juu yake raba haipati pa kujishikiza mpaka ringi ifutwe kwa mizunguko kadhaa, na mizunguko hiyo kadhaa ndiyo inayomfikisha mtu katikati ya njia panda. Wazee waliopanda Phoenix na Raleigh za breki za fito, zile zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya, walilifahamu hili bila kufundishwa: mvua ikianza, walianza kubana breki mbali kabla ya mahali walipotaka kusimama. Uingereza waliwahi kuuza raba zenye ngozi usoni, mahsusi kwa ringi za chuma wakati wa mvua, na zilisaidia, lakini kuzipata leo ni kazi, tena hazifai kwenye ringi ya aluminiamu. Aluminiamu nayo hulowana, ila hufutika upesi zaidi na raba huishika vizuri zaidi, iwe kavu au mbichi. Kwa sababu hiyo nilianza na gurudumu jipya la mbele, lenye ringi ya aluminiamu, kabla sijaagiza breki.

Hapa panahitaji maelezo ya vipimo, na naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotelea. Magurudumu ya 27 yana kipenyo cha milimita 630 mahali tairi linapokaa. Magurudumu ya 700C, ambayo ndiyo ya baiskeli nyingi za resi za sasa, yana 622. Yale ya 28 × 1½ ya baiskeli kubwa za mizigo tulizozoea yana 635. Namba ya 28 iliyoandikwa kwenye tairi isikudanganye, kwa sababu yako matairi ya 28 yanayokaa kwenye ringi ya 622 na yako yanayokaa kwenye ringi ya 635, na hayaingiliani. Namba ya kuiamini ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni, kama vile 32-622 au 32-630. Nilichagua 622 kwa sababu matairi ya 27 ni adimu huku kwetu, ilhali 622 ni kipimo kilekile cha magurudumu ya 29 ya baiskeli za milimani, na kwa hiyo ni kipimo chenye uhai.

Tofauti ya 630 na 622 ni milimita 8 za kipenyo, yaani milimita 4 kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni. Ringi mpya inakaa milimita 4 chini ya ile ya zamani, na breki lazima iifuate huko chini. Fundi alipima kwa rula ya chuma, kuanzia katikati ya tundu la bolti ya breki kwenye foki hadi katikati ya ubavu wa ringi pale raba inapogusa: kwa gurudumu la zamani alipata milimita 56, na kwa jipya 60. Breki za baiskeli za resi za kisasa kwa kawaida hufika kati ya 39 na 49. Zipo za kati zinazofika kati ya 47 na 57, na hizo zingetosha kwa gurudumu la zamani lakini zisingeligusa jipya. R559 inafika kati ya 55 na 73. Msomaji ataona basi kwamba hakukuwa na uchaguzi mpana. Kipimo ndicho kilichochagua, na yeyote anayeagiza breki kwa kuangalia picha tu, bila rula, anabahatisha.

Nafasi hiyo kubwa kati ya foki na ringi haikuwekwa kwa uzembe. Waliounda fremu hizi walitaka tairi nene kiasi na madigadi vipite kwa urahisi, na kwa mazingira yetu hilo ni jambo la kushukuru. Udongo mwekundu wa Uwanda wa Makonde ukilowana hugandamana kwenye tairi, na baiskeli isiyo na nafasi husimama yenyewe kwa matope. R559 inaziacha madigadi mahali pake, na bado kuna upana wa kupitisha tairi la milimita 32 bila kugusa.

Sasa nieleze breki yenyewe. Tektro ni kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa mwaka 1986, na R559 ni breki ya mikono miwili ambayo kila mkono una mhimili wake: mmoja unazunguka katikati, mwingine unazunguka pembeni, na kipande kidogo kinaiunganisha ili iende pamoja. Wazo hili si geni, kwani Altenburger ya Ujerumani ilikuwa na breki ya namna hii tangu miaka ya 1960, ingawa ni Shimano ya Japani ndiyo iliyolieneza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Faida yake ni mbili. Kwanza, mikono yote hugusa ringi kwa pamoja na kuachia kwa pamoja, kwa hiyo ile adha ya raba moja kuilalia ringi inakwisha. Pili, nguvu ya vidole inazidishwa zaidi kuliko kwenye breki ya bolti moja. Faida hii ya pili ni muhimu sana kwa breki yenye mikono mirefu, kwa sababu kadiri mkono unavyorefuka ndivyo nguvu inayofika kwenye raba inavyopungua. Mhimili wa pili unarudisha kile ambacho urefu umechukua.

Breki hii inauzwa kwa namna mbili za kufungia, na kosa la kuagiza isiyofaa linarudisha mzigo ulikotoka. Fremu za zamani zina tundu la milimita 6 lililopenya foki kutoka mbele hadi nyuma, na breki hukazwa kwa nati ya kawaida inayoonekana nyuma. Fremu mpya zina tundu pana zaidi kwa nyuma, milimita 8, ambamo nati ndefu huzama. Mafundi wanaweza kulipanua tundu la nyuma la foki hadi milimita 8 ili breki ya namna ya pili iingie, na watu wengi duniani wamefanya hivyo salama, alimradi upande wa mbele hauguswi. Mimi niliagiza ile ya nati ya nje na nawashauri wenye fremu za zamani wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa foki ndiyo inayobeba uso na meno ya mpandaji, na sioni sababu ya kuitoboa ikiwa breki isiyohitaji kutobolewa ipo.

Mjini Mtwara sikuikuta dukani. Maduka yetu yana vipuri vya baiskeli kubwa za mizigo, yana vya baiskeli za watoto, na yana breki nyingi za mikono mirefu iliyosimama wima ambazo hufungwa kwenye baiskeli za milimani. Muuzaji akikushawishi uchukue hizi za mwisho, mshukuru na uendelee na safari. Zinahitaji vishikizo viwili vilivyochomelewa kwenye foki, ambavyo baiskeli ya resi haina, na hata ukivichomelea, zinadai waya uvutwe karibu mara mbili ya kiasi ambacho leva ya baiskeli ya resi inaweza kuvuta. Leva itafika kwenye usukani kabla baiskeli haijasimama. R559 yangu iliagizwa nje ikapitia kwa ndugu Dar es Salaam, ikateremka kwa basi, na ni haki kusema kwamba gharama ya kuifikisha huku ni sehemu kubwa ya gharama yake.

Kuifunga hakukuchukua muda. Fundi alipaka grisi kidogo kwenye bolti, akaweka washa kati ya breki na foki ili mikono isikwaruze rangi, akakaza nati kwa nyuma huku ameishika breki kwa mkono wa kushoto isigeuke. Kazi iliyomchukua muda ni ya raba. Alikata kipande cha boksi la kiberiti, akakiingiza kati ya raba na ringi upande wa nyuma wa raba, akanibanisha leva, ndipo akakaza. Alipokitoa, ncha ya mbele ya raba ilikuwa karibu na ringi kuliko ya nyuma kwa unene usiofika milimita moja. Ncha ya mbele inapotangulia kugusa, breki hailii. Kisha aliinama akatazama kwa jicho moja kama raba imekaa yote juu ya ubavu wa ringi, kwa sababu ikipanda itakula tairi mpaka lipasuke, na ikishuka italika nusu huku ukingo uliobaki ukijipenyeza chini ya ringi, na siku raba itakaponasa chini huko haitarudi.

Kuhusu raba, sikutumia zilizokuja na breki. Niliagiza pamoja nayo raba za Kool-Stop zenye rangi ya waridi iliyokolea, ambazo mchanganyiko wake una oksidi ya chuma na zinasifika kwa kazi ya mvua. Sifa hiyo ni ya kweli. Zinashika mapema kwenye ringi iliyolowa, hazilii, na haziondoki na vipande vya aluminiamu kwa wingi kama raba ngumu za bei ya chini. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu, asubiri kuhusu breki na aanze na raba hizi, kwa maana raba iliyokaa juani miaka mingi hukakamaa mpaka ukiibonyeza kwa ukucha haiachi alama, na hakuna breki duniani itakayoisaidia.

Sehemu ya pili inayopuuzwa ni waya na ganda lake. Nimeona watu wakisifu breki mpya wakati kilichobadilika ni ganda tu. Ganda la zamani halina bomba la plastiki ndani, chumvi ya bahari imeingia, kutu imeota, na kila unapobana, vidole vinapigana na kutu kabla ya kufika kwenye breki. Weka ganda jipya la milimita 5 lililozungushiwa chuma kwa mtindo wa springi, lenye bomba ndani, na waya usioshika kutu wa milimita 1.5 au 1.6. Usikubali kuwekewa ganda la gia. Ganda la gia limejengwa kwa nyuzi zilizonyooka kwa urefu, halikuundwa kubeba mkazo wa breki, na likipasuka unabaki bila kitu mkononi. Angalia pia kichwa cha waya: leva ya usukani wa kupinda inapokea kichwa kirefu kilichochongoka upande mmoja, na leva ya usukani ulionyooka inapokea kichwa cha pipa dogo lililolazwa. Waya wenye kichwa kisichokaa sawasawa unaweza kushikilia wiki nzima na kuchomoka siku unayouhitaji.

Leva zangu ni zile za awali, ambazo waya wake unatokea juu, na zinaivuta R559 bila tatizo. Niliondoa jambo moja tu, zile leva za ziada zilizopachikwa kando ili mtu abane breki akiwa ameshika sehemu ya juu ya usukani. Baiskeli nyingi za resi za miaka ya 1970 ziliuzwa nazo. Zinakula mwendo wa leva kuu, zina ulegevu, na zikibanwa mpaka mwisho bado hazifikishi nguvu kamili. Ziondolewe.

Matokeo yake barabarani ni makubwa kuliko nilivyotegemea. Kwenye lami kavu, vidole viwili vinatosha kuisimamisha baiskeli yenye mzigo kwenye keria, na nguvu inaongezeka taratibu kadiri unavyobana, bila kushtuka. Kwenye mvua, ringi inahitaji kufutwa kidogo mwanzoni, lakini unahisi mara moja kwamba kuna kitu kimeshika. Mteremko wa Mikindani, ambao nilikuwa nikiushuka nimekamata leva zote kwa nguvu kuanzia juu, sasa naushuka kwa kubana na kuachia, nikiwa na akiba ya nguvu kwa ajili ya mbuzi atakayekatiza.

Nalisisitiza gurudumu la mbele kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuliogopa. Mtoto anapofundishwa baiskeli huambiwa asiguse breki ya mbele asije akapinduka, na anakua akiamini hivyo. Ukweli ni kwamba baiskeli inapopunguza mwendo, uzito wa mpandaji unasogea mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza upesi, wakati la mbele linazidi kukandamizwa chini na kupata mshiko. Breki ya mbele peke yake inaweza kuisimamisha baiskeli kwa umbali mfupi zaidi kuliko ya nyuma peke yake. Kinachotakiwa ni kunyoosha mikono, kurudisha kiwiliwili nyuma ya kiti, na kubana kwa kuongeza, si kwa kunyakua. Tahadhari moja ni ya kwetu hasa: mchanga. Barabara za mitaani Mtwara zina mchanga unaosambaa hadi kwenye lami, na mchanga mahali pa kukata kona unataka breki ya nyuma, taratibu, kabla ya kuinamisha baiskeli. Gurudumu la mbele likiteleza mchangani halina muda wa kurekebishwa.

Kwa upande wa nyuma niliiacha breki ya zamani, nikaibadilishia raba na waya tu, na sijioni kama niliyeacha kazi nusu. Nyuma haihitaji nguvu nyingi, kwani nguvu ikizidi gurudumu linafunga na kuburuzika. Campagnolo ya Italia, ambayo haikuwa na shida ya fedha wala ya maarifa, iliuza kwa miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 seti zenye breki ya mihimili miwili mbele na ya mhimili mmoja nyuma. Zaidi ya hapo, kubadili gurudumu la nyuma ni gharama nyingine kabisa. Habu za nyuma za baiskeli hizi zina upana wa milimita 120 au 126, wakati za baadaye ni 130, hivyo fremu lazima ipanuliwe. Chuma kinakubali kupanuliwa, lakini ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu, na gia nazo zitadai mabadiliko yake. Mbele hakuna masumbufu hayo. Habu ya milimita 100 inaingia kwenye foki nyingi, ingawa foki za Raleigh za zamani sana zinaweza kuwa nyembamba kidogo, na meno yake ya kushikia ekseli yakahitaji kupigwa tupa. Baiskeli yangu sasa ina 622 mbele na 630 nyuma, tofauti ambayo mpandaji haihisi, na tyubu moja ya akiba inaingia magurudumu yote mawili.

Kuna mambo ambayo mnunuzi ayajue kabla. Breki ya mihimili miwili inataka raba zikae karibu na ringi, kwa hiyo inataka ringi iliyonyooka. Breki ya zamani, kwa ulegevu wake, iliweza kuifuata ringi iliyopinda, ikayumba nayo kushoto na kulia. Hii haiyumbi, na ringi ikipinda itaanza kusugua. Kwa njia zetu zenye makorongo, maana yake ni kumpitia fundi mara nyingi zaidi akaze spoki na kuinyoosha ringi. Pembeni mwa breki kuna leva ndogo ya kuifungulia ili tairi lipite wakati wa kutoa gurudumu. Ni kitu cha manufaa, lakini ukisahau kuirudisha utabana breki na usikute kitu, basi iangalie kila baada ya kuziba pancha.

Upepo wa bahari nao una madai yake. Baiskeli inayolala Shangani, au Lindi mjini karibu na maji, hushikwa na kutu kwenye bolti na springi mapema kuliko inayolala Naliendele. Iogeshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, weka tone la mafuta kwenye mihimili ya breki na kwenye bolti za raba, na hakikisha hata chembe ya mafuta haifiki kwenye ringi. Wakati wa mvua, kagua uso wa raba. Udongo mwekundu huacha punje za mchanga zilizojizika humo, pamoja na vipande vidogo vya aluminiamu vinavyong'aa, na vyote hivyo huichonga ringi kwa kila mzunguko. Mimi huvitoa kwa ncha ya sindano ya kushonea magunia. Ringi ya aluminiamu hulika. Ukiweka ubavu wa rula juu yake na kuona mwanga katikati, imeanza kubonyea, na ringi iliyobonyea sana inaweza kupasuka kwa shinikizo la tairi. Ringi ya chuma haikuwahi kumdai mtu ukaguzi huo.

Simshauri kila mtu kununua R559. Mwenye baiskeli ya breki za fito haimhusu, kwa kuwa foki zake nyingi hazina tundu na ringi zake hazina ubavu wa kubanwa kutoka nje. Mwenye foki iliyopinda au yenye ufa aitengeneze foki kwanza. Anayezunguka mjini tu kwenye tambarare, tena asiyetoka mvua inaponyesha, atatosheka na raba mpya na ganda jipya. Na yule ambaye rula itampa kati ya milimita 47 na 55 aagize breki ya 47 hadi 57, ambayo Tektro na Shimano zote wamewahi kuitengeneza, kwa sababu mkono mfupi zaidi unaoifikia ringi ndio wenye nguvu zaidi, na kuuchukua mrefu bila haja ni kuutupa mshiko ambao tayari ameulipia.